Mama Makaa na Mkebe Usiogongwa

Mama Makaa alitangaza bei mpya jinsi watu wanavyotangaza msiba. Hakukuambia ukiwa umesimama. Alikuvutia kwanza debe alilolipindua likawa kiti, akauliza habari za nyumbani, akauliza kama kikohozi cha mtoto kimepoa, akaangalia barabarani, kisha ndipo akasema, "Mwalimu, imepanda."

Hakusema ni nini kilichopanda. Kwa miaka kumi na minne nilinunua makaa kwake, upande wa Kenya wa mji wa Busia, si mbali na pale malori yanapopanga foleni ya kuvuka, na hapakuwa na kitu kingine kati yetu ambacho kingeweza kupanda.

"Mpaka wapi?"

"Sabini."

"Juzi ilikuwa sitini, Mama."

"Juzi mvua ilikuwa bado kunyesha Soroti. Wewe nataka mimi nadanganya wewe?" Kiswahili chake kilikuwa cha upande wa Uganda, "na" moja kwa mimi, wewe na watu wote.

Basi nililipa sabini. Nilijua kwamba hatua kumi kutoka hapo jirani zake walikuwa wangali wanauza mkebe kwa hamsini, nami nilijua kwa nini. Nitalieleza hilo taratibu, kwa sababu ndilo lililompa sifa yake na ndilo lililommaliza kibiashara, na mtu ambaye hajawahi kununua makaa kwa mkebe anaweza kulipita bila kuliona.

Jina lake sikulizoea. Kanisani kwao, upande wa Uganda, bila shaka walilitumia. Sokoni alikuwa Mama Makaa tu, na ingawa walikuwepo wauza makaa wengine ishirini, yeye ndiye aliyeitwa hivyo. Alivaa kitambaa cheupe kichwani kila siku ya kazi. Nilimuuliza siku moja inakuwaje muuza makaa achague nguo nyeupe, akanitazama kama mwanafunzi aliyeuliza jambo lililofundishwa jana. "Mtu akiona mimi mchafu, nafikiri makaa yangu ni vumbi tupu," akasema. Chenga na vumbi vilivyobaki chini ya gunia hakuwauzia watu. Alivikusanya pembeni, na mafundi wa kuchoma matofali walikuja kuvichukua bure.

Alikuwa mtu mchovu. Nasema hivyo bila kumdharau. Kuna watu ambao uchovu kwao ni hali ya siku moja, ukilala unaisha. Wake ulikuwa kama koti. Alikaa nao, alicheka nao, alipiga nao kelele. Akiinuka kumpimia mtu alisema "Eeh, Were," akimwita Mungu kwa lugha ya kwao Tororo, si kwa kulalamika bali kama mtu anayemjulisha mwenzake kwamba ameinuka tena.

Biashara yenyewe si ngumu kuielewa ukielezwa polepole. Makaa mengi tunayopikia hapa hutoka Uganda. Huchomwa mbali kaskazini, hupakiwa kwenye malori, hushushwa upande wa pili wa mpaka, halafu huvuka kwa vipande vipande: magunia mawili juu ya baiskeli, manne juu ya pikipiki, mengine kwenye zile baiskeli za magurudumu matatu za wenzetu wasioweza kutembea, ambao mpakani hapa wamekuwa wachukuzi hodari kuliko wenye miguu. Likishavuka, gunia moja huelekea Kisumu au Nakuru na jingine hubaki hapa kugawanywa kwa mikebe. Kati ya mti na jiko lako kuna mikono sita au saba, na kila mkono huongeza kitu kidogo kwa ajili ya hofu yake. Aliyechoma anaogopa askari wa misitu. Dereva anaogopa tope. Mwenye baiskeli anaogopa kesho. Ukiijumlisha hofu yote hiyo, unapata bei.

Mama Makaa alikuwa akiijumlisha kichwani. Sisi tulisikiliza taarifa ya habari. Yeye aliuliza malori. Dereva akishuka kunywa chai, alimwita, "Wewe mtoto wa mtu, kuja hapa. Barabara iko namna gani?" Akiambiwa kuna tope, alinunua magunia matatu ya ziada siku hiyohiyo. Aliangalia shilingi ya Uganda na ya Kenya jinsi mkulima anavyoangalia mawingu. Bei ya gesi ilipopanda mjini, alijua kwamba baada ya juma moja walimu, makarani na wauguzi watarudi kwenye makaa, na wakirudi wao, bei itapanda kwa akina mama wa vibanda vya chapati ambao hawajawahi kumiliki mtungi wa gesi maishani mwao. "Tajiri akirudi jikoni yetu," alisema, "sisi natoka."

Lakini jambo alilonifunza ambalo sikulipata katika kitabu chochote ni hili: makaa hushuka wakati wa karo.

Wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, bei ilianguka kila mara, hata kama mvua ilikuwa inanyesha. Nilidhani ni bahati. Akanionyesha. Wakulima wa Dabani na Buhehe, watu wenye ekari mbili tatu ambao hawauzi makaa mwaka mzima, hukata ule mti mmoja uliobaki nyuma ya nyumba, wakauchoma na kuuleta kwa baiskeli. Wote huja juma lilelile. Wote wana haraka ileile. Mnunuzi hana haja ya kubembeleza.

"Makaa ikishuka," alisema, "jua kuna mtu nalia."

Nilikuwepo mzee mmoja wa Dabani alipofika na magunia mawili, jasho limemlowesha mpaka kwenye mkanda. Mama Makaa aliingiza mkono ndani ya gunia, akatoa kipande, akakigonga kwa kucha. Makaa mazuri hulia kama kigae.

"Hii ni mwembe," akasema.

"Ni mwembe."

"Ulikuwa nazaa?"

Yule mzee akatazama baiskeli yake. "Ulikuwa unazaa."

Akampa bei. Ilikuwa bei ya juma hilo, ya chini kabisa, wala hakuongeza hata shilingi tano. Mzee akapokea, akashukuru, akaondoka. Mimi nilikasirika, na kwa kuwa nilikuwa nimemzoea nikamwambia. Umesema mwenyewe kuna mtu analia, sasa mbona umemlipa kama wengine?

Hakukasirika. "Mwalimu, nikilipa huyu zaidi, kesho wanakuja hamsini, wote nataka zaidi. Leo yeye nalala vizuri, mwezi ujao mimi nafunga. Halafu nani atanunua mti yake ya mwisho?" Kisha akaongeza, "Na huo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Nimeona mikono yake."

Sijaamua mpaka leo kama alikuwa sahihi. Najua tu kwamba juma hilo hakula mchana, na kwamba kwake Nagongera, ambako nilifika mara moja kwa mazishi, nyumba yake ilizungukwa na miti ambayo hakumruhusu mtu hata kuvunja tawi lake kavu. Mashemeji zake walimcheka. Muuza makaa anayefuga miti ni kama mchinjaji anayelala na mbuzi wake kitandani, walisema. Yeye alijibu kwamba mbuzi hao hawajamaliza kukua.

Huenda wasomaji wanaanza kumwona kama malaika wa sokoni. Hakuwa. Kwa askari wa mpakani alikuwa mwongo mkubwa, tena mwenye uso mtulivu. Nilimsikia akimwambia ofisa mmoja kwamba magunia manane yaliyopangwa nyuma yake ni ya mazishi. Ofisa akauliza mazishi gani yanayohitaji magunia manane ya makaa. "Ya mtu mkubwa," akajibu, akashusha macho. Ofisa alivua kofia. Baadaye nilimuuliza anawezaje kudanganya hivyo na Jumapili akaimbe kwaya. Akasema ofisa hapiki na makaa yake. Kwake yeye uongo ulikuwa na mahali pake, kama taka. Ulikuwa na pipa lake upande wa serikali. Kosa lilikuwa kuumwaga jikoni kwa mtu.

Tena alikuwa na kiburi, na kiburi hicho kilizidi baada ya kisa cha lori.

Lori moja lililobeba makaa ya mawe likielekea viwandani Tororo lilianguka karibu na mji. Si yale makaa ya mawe meusi yanayong'aa; haya yalikuwa ya rangi ya kahawia, laini, yenye maji ndani, ukiyabonyeza yanameguka kama sukari guru. Watu waliyakusanya kwa ndoo na beseni. Kabla ya saa sita mchana yalikuwa yanauzwa sokoni nusu ya bei ya makaa yetu, na wauzaji wakatangaza kwamba ni makaa mapya ya kisasa kutoka ng'ambo. Wenzake Mama Makaa waliingiwa na hofu wakashusha bei kwa thuluthi nzima. Yeye hakushusha. Aliomba kipande kimoja, akakinusa, akakirudisha.

"Hii ni ya tanuri kubwa yenye bomba la moshi," akasema. "Hii ukiweka kwa jiko, nyumba ndiyo itakuwa bomba."

Jioni hiyo mtaa mzima ulinuka kama mayai yaliyooza. Watu walipika wakiwa nje, macho mekundu, huku wakitukanana kwa upole. Mama mmoja wa chapati alitupa unga wote wa siku. Siku ya tatu kila mtu alirudi kutafuta makaa ya miti kwa pamoja, na bei ikaruka juu kuliko ilivyokuwa kabla ya lori kuanguka. Walioshusha bei walikuwa wameshauza yote. Mama Makaa alikuwa na magunia kumi na moja. Kwa wiki nzima alisalimia watu kwa kichwa tu, kama chifu.

Nilimwalika shuleni baada ya hapo, aje azungumze na darasa la saba kuhusu bei, maana nilikuwa nimechoka kuwafundisha hesabu za maembe ambayo hakuna aliyeyanunua. Alikuja na kitambaa kipya. Hakuwapa hotuba. Aliuliza, "Bei ya makaa ikipanda, mama yako nafanya nini?" Watoto walifikiri ni swali la kuchekesha. Kisha msichana mmoja wa mstari wa nyuma akainua mkono akasema, "Tunaacha maharagwe. Maharagwe yanachukua moto mwingi. Tunakula mboga tu." Mwingine akasema kwao huchemsha maji ya kunywa siku moja moja, siku nyingine wanakunywa hivyohivyo. Mama Makaa aliweka mikono nyuma. Halafu akaniambia, kwa sauti ya kawaida, mbele yao, "Mwalimu, hawa najua. Mimi nafundisha nini tena?" Akaketi.

Sasa niueleze mkebe.

Hapa kwetu anayenunua gunia zima ni mwenye hoteli au mwenye mshahara. Wengine wote tunanunua kwa mkebe, ule mkebe wa bati uliowahi kuwa wa mafuta ya kupikia. Muuzaji anaujaza mpaka unatengeneza kilima juu, anakumiminia kwenye mfuko wako, unalipa. Bei ya mkebe huijua kila mtu mjini, na kwa sababu huijua, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuipandisha. Basi gunia likipanda, wauzaji hawagusi bei. Wanapeleka mkebe kwa fundi bati. Fundi anaupindua, anagonga tako lake kwa nyundo mpaka linainuka ndani kama kisigino. Ukiutazama kwa nje, mkebe ni uleule. Kwa ndani umepoteza vipande vitano vya makaa, au vinane. Gunia likipanda tena, unagongwa tena.

Hilo halikuwa siri. Fundi alikaa wazi kando ya barabara, na nyundo yake ilisikika mpaka shuleni. Ukisikia nyundo asubuhi, unajua makaa yamepanda Uganda.

Mama Makaa hakuugonga mkebe wake hata mara moja. Bei ilipopanda, alipandisha bei. Aliiandika kwa kipande cha makaa kwenye ubao, na mkebe akauacha na tako lake lililonyooka, akiupindua mara kwa mara ili watu waone. Mtu akilalamika, aliazima mkebe wa jirani, akaujaza, akaumimina ndani ya wake. Haukujaa. Aliacha nafasi hiyo itazamwe. Kisha alieleza: kwa wale mkebe ni hamsini, kwangu sabini, lakini pima mwenyewe, kipande kwa kipande kwangu unapata nafuu. Na ilikuwa kweli. Mimi nilipima nyumbani zaidi ya mara moja, kwa mizani ya shule.

Watu walitazama, wakakubali, wakamsifu kwa ukweli wake, wakaenda kununua kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa dada mmoja wa Kikenya, mcheshi, ambaye soko zima lilimwita Siste. Hakuwa mtu mbaya. Mama Makaa alipougua malaria, Siste ndiye aliyesimamia makaa yake siku nne na kumpelekea pesa zote mpaka nyumbani, upande wa pili. Lakini kuhusu mkebe hawakupatana.

"Mathe, utakufa maskini na huo mkebe wako," Siste, aliyemwita kila mama "mathe", alimwambia siku moja, nikiwa nimekaa kwenye debe.

"Na wewe utazikwa na nyundo."

"Sasa mimi nimemdanganya nani? Kila mtu anajua nimegonga. Hata mwalimu anajua. Mwalimu, si unajua?"

Nikasema najua.

"Ona! Uongo unaojulikana na kila mtu si uongo, ni mazoea. Mathe, mtu hanunui makaa. Ananunua mkebe umejaa."

"Mtu nanunua moto," Mama Makaa akasema. "Nyumbani mkebe haiwaki."

Nilikuwa upande wake. Mwalimu yeyote angekuwa upande wake. Na kwa kuwa kazi yangu ni kudhani kwamba jambo likielezwa vizuri litaeleweka, nilimpa ushauri. Nilimwambia tatizo si ukweli, tatizo ni kwamba mtu ana hamsini mkononi, hana sabini. Uweke mkebe mdogo, nikasema. Mkebe mdogo wa kweli, tako limenyooka, kwa hamsini. Hapo hujadanganya mtu na mwenye hamsini hajafukuzwa. Alifikiri siku mbili, akatafuta mkebe wa maziwa ya unga, akaupima kwa makini. Ulishika vipande viwili zaidi ya mkebe uliogongwa wa Siste. Vilevile hamsini. Nilikaa pale Jumamosi nzima kushuhudia ushindi wangu.

Mteja wa kwanza alikuwa mama anayefua nguo za watu majumbani. Mama Makaa akamwonyesha mkebe mdogo, akamweleza. Yule mama aliuangalia, kisha akatuangalia sisi wawili.

"Hicho ni cha mtoto," akasema.

"Nashika zaidi ya ile ya kule. Njoo nipime uone."

"Nimeona. Sijasema kinashika kidogo." Sauti yake haikuwa na ugomvi. "Mama Makaa, mimi nikipita hapa na kikopo hicho, kila mtu anajua leo sina kitu. Kule napimiwa mkebe kama watu. Nikifika nyumbani najua mwenyewe."

Akaenda kwa Siste, akapimiwa mkebe kama watu. Hakuna hata mmoja aliyenunua kwa mkebe mdogo siku hiyo, ila mlevi mmoja aliyetaka kuununua mkebe wenyewe.

Nilirudi nyumbani nimefedheheka, na naomba usinicheke sana, kwa sababu nilijifunza. Nilikuwa nimeona hila kwenye lile tako lililogongwa. Sikuwa nimeona heshima ndani yake. Muuzaji na mnunuzi walikuwa wamepatana bila kusema: wewe utanipunguzia, nami sitatazama, na watu wanaopita hawatajua kwamba moto wangu umepungua. Mama Makaa aliuweka ukweli mezani, na maskini alipouona aliona picha yake mwenyewe.

Nadhani yeye alilielewa kabla yangu. Jumatatu mkebe mdogo haukuwepo. Sikumuuliza ameupeleka wapi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kushuka. Wateja wake walibaki wachache: mimi, watawa wa zahanati, mwenye hoteli mmoja aliyependa kubishana naye. Alipokuwa akinunua magunia kumi alinunua matano, halafu matatu. Nilimwambia agonge tu, Mama, kidogo, mara moja, hakuna atakayekulaumu. Ilikuwa aibu kwangu kusema hivyo. Alinijibu kwa uchovu ule wake usio na hasira: "Mimi sikatai kwa ajili ya mbinguni. Mimi nikigonga mara moja, sitajua tena bei. Bei nakaa wapi? Nakaa kwa mkebe. Nikigonga mkebe, mimi mwenyewe napotea." Alitaka kitu kimoja tu katika biashara ile: mtu anunue kwake huku akijua anachonunua. Kama hilo halikuwezekana, alisema, heri akalime mihogo.

Mara ya mwisho kumwona kazini ilikuwa mwaka jana, wakati wa mvua za masika. Serikali ya upande wa pili ilikuwa imeyabana malori ya makaa, barabara zilikuwa mbaya, na gunia lilikuwa limepanda mpaka watu wakaacha kuuliza. Nyundo ya fundi ilikuwa imelia wiki nzima. Mikebe mingine ilikuwa imegongwa mpaka tako likafika nusu. Ukiitazama ndani ilikuwa kama bakuli. Safari hii hata bei yenyewe ilikuwa imeguswa: themanini kila mahali.

Alikuwa amekaa kwenye debe lake mwenyewe. Nyuma yake palikuwa na magunia mawili tu. Ubao ulikuwa mtupu.

"Mwalimu, macho yangu leo nacheza," akasema. "Andika wewe."

Nikaokota kipande. Nilikuwa nimeshapiga hesabu njiani. Kwa mkebe wake ulionyooka ingekuwa mia moja na thelathini, na kwa bei hiyo asingeuza hata mmoja. Nikasubiri aseme.

"Themanini."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Kwa mkebe huu? Mama, hiyo ni hasara."

"Hesabu hiyo mimi najua kuliko wewe."

"Sasa kwa nini?"

Alikunja mikono mapajani. "Miaka yote wamekataa mkebe yangu, nasema ni bei. Leo nimeondoa bei. Nataka kuona kama ilikuwa bei." Akaonyesha magunia kwa kidevu. "Hii mbili ikiisha nakwenda Nagongera. Nimeshaambia watoto. Andika, mwalimu."

Nikaandika themanini.

Siste aliiona kutoka mezani kwake. Hakufanya mzaha. Alifunika makaa yake kwa gunia tupu, akaja akasimama karibu nasi, mikono kiunoni, kama mtu aliyekuja kukaa matanga.

Wa kwanza kusimama alikuwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, sikumjua. Alisoma ubao, akatazama mkebe, akatazama ubao tena. Bei ilikuwa ya kila mahali, lakini kila mahali hapakuwa na mtu anayekupa mkebe uushike. Mama Makaa alikuwa ameunyoosha kwake kwa mikono miwili.

Yule mama aliingiza mkono ndani. Alitafuta tako lililoinuka, pale ambapo vidole vyote vya Busia vimezoea kulikuta. Mkono ukaendelea kushuka. Ukaingia mpaka kwenye kiwiko. Akainama kidogo, akapapasa huku na huku, uso umebadilika.

"Mathe," akasema polepole, "mkebe wako umeharibika? Huku chini hakuna kitu."

"Leta mfuko," Mama Makaa akasema.

"Eeh, Were," akasema tena akiinuka, akaujaza mkebe, akaweka kilima juu, akapiga ubavu wa mkebe ili vipande vishuke, akaongeza vingine. Kisha akamimina. Mfuko ule ulikuwa umekunjwa na kushonwa kwa kipimo cha mikebe ya siku hizi. Ulijaa mkebe ulipofika nusu. Makaa yakamwagika pande zote juu ya miguu yetu.

Yule mama alirudi nyuma hatua moja. Hakuyaokota. Alimtazama Mama Makaa kwa wasiwasi wa mtu anayeogopa kuitwa mwizi.

"Umenizidishia," akasema.

"Sijazidisha."

"Umezidisha, mathe. Hii si yangu yote."

"Ni yako yote," Mama Makaa akasema, akapiga goti kwenye tope, kitambaa cheupe na yote, akaanza kuyakusanya. "Vua leso, tufunge iliyobaki."

Siste akawa wa pili kuinama, halafu mimi.